Solfa, mpaka wa Tunduma na piano ya chuo

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Leo naomba nipige stori ya historia.

Juzi nilikaa kwenye piano hapa chuo kwa mara ya kwanza. Jamaa mmoja akaniuliza kama najua kusoma nota. Nikamjibu najua solfa. Akacheka: "Hiyo ya kwaya!" Kwa kweli iliniuma. Mwalimu wetu wa kwaya kule Tunduma alituandikia d r m f s l t ubaoni kwa chaki, na ndiyo shule yangu yote ya muziki.

Basi nikaanza kuchimba. Solfa hii ilitokana na kazi ya Sarah Glover wa Uingereza, na John Curwen akaieneza karne ya 19. Wamisionari wakaifikisha Afrika Kusini, na huko mwalimu wa shule, Enoch Sontonga, akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, kwa solfa! Iliimbwa hadharani mara ya kwanza 1899. Mwaka huo huo Wamoravian kutoka Ujerumani, akiwemo Traugott Bachmann, walifungua misheni Mbozi, ambayo leo ipo mkoani kwetu Songwe. Hao walitoka kwenye utamaduni wa tenzi za Kijerumani, zile ambazo J. S. Bach alizipangia sauti nne.

Sasa simama pale mpakani. Tanganyika iliuchukua muziki wa Sontonga kuwa wimbo wa taifa 1961, Zambia 1964. Tunduma na Nakonde wanaimba maneno tofauti, lakini tuni ni moja. Na ilizaliwa kwa "hiyo ya kwaya".

Kwa hiyo wewe uliyeko Tunduma, Vwawa au Mlowo na unaitamani piano, usisubiri. Chukua wimbo wa sauti nne unaoujua, nenda kwenye kinanda cha kanisani. Soprano na alto mkono wa kulia, tenor na besi wa kushoto, polepole. Vidole vikizoea, tafuta tenzi za Bach kwenye IMSLP, maktaba ya nota iliyoanza 2006. Kupakua ni bure. Mistari mitano haitakutisha sana, maana sauti nne unazo tayari kichwani.

Mimi kesho narudi kwenye ile piano. Jamaa akinikuta, nitamwomba anifundishe mistari, nami nimfundishe solfa. Jioni njema wadau!