Mkeka wa Rufiji

Mkeka wa Rufiji ni tandiko la ukindu linalosukwa na wanawake wa bonde na delta ya mto Rufiji, katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania. Hutofautiana na jamvi, ambalo ni la miyaa na gumu zaidi. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa, huchanwa kuwa chane nyembamba, na baadhi huchemshwa katika rangi. Zamani rangi nyeusi ilitokana na mmea uitwao mdaa. Siku hizi rangi nyingi ni za dukani. Chane husukwa ukili, utepe mrefu unaoviringwa kadiri unavyokua, kwa hiyo msukaji huweza kwenda nao barazani au msibani, na wanawake kadhaa huweza kuchangia mkeka mmoja. Ugumu wa kazi, na uzuri wake, umo katika kushona: kili huungwa ukingo kwa ukingo huku nakshi zikilinganishwa, kwani chane moja ikiruka, mstari wa nakshi huvunjika. Mkeka hutandikiwa wageni, hutumika katika swala, arusi na maziko, na huwaingizia wasukaji kipato.