Kuachishwa Kazi Mara ya Pili: Ajira na Mafao katika Pwani ya Lindi

Historia ya kazi ya mshahara katika pwani ya Lindi na Kilwa imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mazao, yaani mkonge, karanga na korosho, na kwa sababu hiyo wafanyakazi huonekana pale wanapoajiriwa, kisha hutoweka katika kumbukumbu mara shughuli inapofungwa. Makala haya yanawatazama wakati huo wa kufungwa, na hasa yanawatazama wale walioachishwa kazi, wakapata nyingine, wakaachishwa tena, kwa kuwa nguvu na udhaifu wa kila mpango wa mafao hujulikana pale mtu anaporudi kudai kwa mara ya pili.

Wakati wa utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, mashamba ya mkonge yaliyozunguka mji wa Lindi, likiwamo la Kikwetu, yaliendeshwa kwa kipande, yaani kadi ambayo juu yake siku za kazi zilitiwa alama moja moja hadi zitimie 30, ndipo mshahara ulipwe. Pamoja na wenyeji walikuwapo manamba, ambao ni vibarua walioandikishwa kwa mkataba kutoka mbali, na katika mashamba ya kusini wengi wao walikuwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya pamoja ya kutafuta vibarua wa mkonge, ambayo iliwaandikisha watu, ikawasafirisha hadi shambani na kuwarudisha makwao mkataba ulipokwisha. Nauli hiyo ya kurudi ndiyo iliyokaribia kuitwa fao la kukosa kazi, kwa maana serikali ya kikoloni iliamini kuwa kila Mwafrika alikuwa na kijiji cha kumpokea na kumlisha, na kwa hiyo haikuona haja ya kumwekea bima. Imani hiyo iliuondoa mzigo kwa mwajiri na kuutwika kwa wake, wazee na ndugu waliobaki nyumbani, ambao mihogo na mtama wao ndio uliomlisha mtu aliyerudi mikono mitupu. Ni dhuluma ambayo haikuandikwa katika hesabu za shamba lolote, wala haistahili kusahauliwa kwa sababu hiyo.

Kuachishwa kazi kwa halaiki kulikuja na Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza kufyeka misitu ya Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, na sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangiwa Jimbo la Kusini. Kazi zilifunguka kwa wingi usiowahi kuonekana katika nchi ile: kufyeka pori, kuendesha na kutengeneza matrekta, kujenga nyumba, kupakua shehena na kutandika reli. Reli hiyo ilianzia Mkwaya, katika hori la Mto Lukuledi karibu na Lindi, na mwaka 1949 ilikuwa imefika Nachingwea, huku bandari mpya ya kina kirefu ikijengwa Mtwara ili kuupokea mzigo uliotarajiwa. Karanga hazikutokea kwa kiasi kilichoahidiwa, kwa kuwa mvua, udongo na mitambo vyote vilikuwa vimekadiriwa vibaya, na Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuuacha mpango ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Hapa pana jambo linalohitaji kutazamwa kwa makini. Serikali hiyohiyo ilikuwa imewawekea baadhi ya wafanyakazi wa Uingereza bima ya kukosa kazi kwa sheria ya 1911, na baada ya vita ilikuwa imeipanua bima hiyo kwa wafanyakazi wake karibu wote, lakini vibarua wa Nachingwea, waliopoteza kazi kwa uamuzi uliofanywa London, hawakuwa na sheria yoyote ya namna hiyo ya kushika mkononi.

Baadhi ya ajira zilibaki kwenye reli na bandarini, nazo ndizo zilizoleta pigo la pili. Bandari ya Mtwara ilipokamilika mwaka 1954, meli hazikulazimika tena kutia nanga nje ya Lindi na kushusha mizigo kwa matishari, yaani majahazi mapana yasiyo na tanga yaliyobeba shehena hadi gatini, na kazi ya makuli wa Lindi ikapungua mwaka hadi mwaka. Reli nayo, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwapo, haikupata mzigo wa kuilipia, na mwaka 1962 ilifungwa. Yeyote aliyekuwa ametoka kwenye karanga akapata hifadhi kwenye reli alijikuta tena nje katika muda usiozidi miaka 11, safari hii chini ya bendera ya Tanganyika huru.

Serikali mpya haikukaa kimya. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kiinua mgongo, yaani malipo ambayo mwajiri humpa mfanyakazi anayemwachisha, na mwaka 1964 ukaundwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana zaidi kwa herufi NPF, ambamo michango ya mfanyakazi na ya mwajiri iliwekwa pamoja kwa jina la mfanyakazi mwenyewe. Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele, lakini akiba na bima ni vitu viwili: bima huchanganya fungu la wengi ili kumlipa yule aliyepatwa, ilhali akiba humrudishia kila mtu kile kilichowekwa kwa jina lake, kwa mkupuo, kisha daftari lake husomeka sifuri. Aliyeachishwa mara ya kwanza na kuchukua akiba yake alikula, akaezeka nyumba au akapanda mikorosho, na huo ulikuwa utumizi wa busara. Alipoachishwa tena baada ya miaka michache, alichokuta ni kile kidogo kilichokusanyika tangu hapo.

Korosho zilifuata mkondo uleule. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho, yaani kuvunja ganda na kutoa kiini, vikiwamo vya Lindi, Mtama na Nachingwea, wakati ambapo zao lenyewe lilikuwa limeanza kuanguka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, kwa sababu ya wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga. Viwanda vilikosa malighafi vikasimama, na katika miaka ya 1990, ubinafsishaji ulipofika, vingi viliuzwa vikiwa havifanyi kazi.

Mwaka 1997 sheria iliigeuza NPF kuwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, lakini desturi ya kuchukua michango yote baada ya kupoteza kazi, iliyoitwa fao la kujitoa, iliendelea kupendwa mno. Sheria ya 2012 iliyotaka kuizuia hadi mwanachama afikishe miaka 55 ilipingwa vikali, wafanyakazi wa migodini wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikalegeza msimamo. Mwaka 2018 fao la kujitoa liliondolewa, na badala yake likawekwa fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa mara ya kwanza sheria ilimtambua mtu aliye kati ya kazi moja na nyingine, na kumlipa bila kuifuta pensheni yake yote.

Hata hivyo kipimo cha miezi 18 kinamfaa zaidi mwenye ajira ndefu ya ofisini. Mbanguaji anayeajiriwa msimu wa korosho, au fundi aliyepata mkataba mfupi katika ujenzi wa mitambo ya gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutoa gesi mwaka 2004, hukusanya miezi hiyo kwa vipande vilivyoachana, na fao hulishwa na michango ambayo mwajiri wa kila kipande alitakiwa kuiwasilisha. Kwa hiyo mfanyakazi wa pwani anapaswa kudai taarifa ya michango yake angali kazini, na akiachishwa isivyo halali akumbuke kuwa muda wa kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30 tu.