Kiingereza na "Sana" Zake Zilizochakaa

Mwingereza wa mwaka 1000 aliyetaka kusema kwamba maji ni baridi sana hakutumia "very". Neno hilo lilikuwa bado halijaingia katika lugha yake. Alitumia "swithe", lililotokana na kivumishi chenye maana ya nguvu, nalo kwa karne kadhaa ndilo lililofanya kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na "sana". Leo Mwingereza wa kawaida halijui kabisa, ingawa mababu zake walikuwa nalo mdomoni kutwa kucha.

Maneno ya Kiingereza ya mkono, maji na jua yamedumu tangu enzi hizo mpaka leo. Neno la kukoleza halidumu hivyo. Kazi yake ni kumgutusha msikilizaji, na kinachosikika kila saa hakimgutushi mtu. Likishazoeleka, msemaji hutafuta jingine. Mwanaisimu wa Marekani Dwight Bolinger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maneno ya aina hii mwaka 1972, aliliona hili kuwa eneo la lugha ambalo ubunifu haupumziki.

"Swithe" lilianza kufifia katika karne ya 13, likaachia nafasi "full" na "well", kisha baadaye "right" nalo likapata zamu yake. Wakati huo mrithi mkubwa alikuwa tayari amekwisha kuvuka bahari. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na Kifaransa chao, na ndani yake mlikuwa na neno "verai", yaani "kweli". Hata katika maandishi ya Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, "very" lilikuwa bado ni kivumishi kwa kiasi kikubwa: rafiki "very" ni rafiki wa kweli. Mabadiliko yalipita mahali padogo. Mtu aliposema "rafiki wa kweli, mwema", maneno hayo mawili yakafuatana bila kitu katikati, na sikio likaanza kusikia kwamba la kwanza linalikoleza la pili. Kufikia siku za Shakespeare, mabadiliko yalikuwa yamekamilika.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo. Anayesema "chakula kitamu kweli" hathibitishi ukweli wa jambo lolote, anakoleza utamu. Hata "really", ambalo leo linalisukuma "very" pembeni, limetoka katika kisima hicho cha ukweli.

Kisima cha pili ni hofu na maumivu. "Terribly", "awfully" na "dreadfully" yote yalianza kama maneno ya kutisha. "Sore", lenye maana ya kidonda, limetumika katika Biblia ya Mfalme James ya 1611 kueleza hofu kubwa ya wachungaji wa Bethlehemu, na ndugu yake wa Kijerumani, "sehr", amesahau maumivu yote na kubaki "sana" tu. Anayeshangaa jinsi kitu kizuri kinavyosifiwa kwa neno la kutisha asikilize vijana wa Dar es Salaam wakisema mtu anacheza mpira hatari, au anaimba vizuri balaa.

Lawama nazo hazikukosekana, na kwa muda mrefu zilimwangukia mwanamke. Mwaka 1754 Lord Chesterfield aliandika katika gazeti la The World kuwakosoa wanawake wa tabaka la juu kwa kulitumia "vastly", lenye maana ya ukubwa, ovyo, hata kwa vitu vidogo. Mwaka 1922 mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, mtu mwenye elimu kubwa, bado alirudia kwamba kutia chumvi kwa vielezi ni tabia ya wanawake, tena alimtaja Chesterfield kuwa ushahidi. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Utafiti wa baadaye, hasa wa mwanaisimu William Labov, umeonyesha kuwa wanawake mara nyingi ndio wanaotangulia katika mabadiliko ya lugha. Walichokiita wazee wale udhaifu kilikuwa ni lugha yenyewe ikisonga mbele.

Hakuna kielezi kilichopigwa vita kama "bloody". Katika karne ya 17 kilikoleza mazungumzo bila kelele nyingi, kisha kikageuka kuwa tusi ambalo magazeti hayakuthubutu kulichapa kwa herufi zake zote. Tarehe 11 Aprili 1914, katika ukumbi wa His Majesty's Theatre jijini London, tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza. Eliza, muuza maua aliyefundishwa matamshi ya kibwanyenye, anaaga katika hafla ya chai, na kwa sauti safi ya bibi wa heshima analitamka neno hilo. Ukumbi mzima uliangua kicheko kirefu. Shaw aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau: Clara, binti wa watu aliyekuwapo pale, anadhani huo ndio mtindo mpya wa mjini, naye kabla ya kuondoka analitumia. Historia yote ya vielezi vya mkazo imo katika tukio hilo dogo. Tamthilia ilipogeuzwa kuwa onyesho la nyimbo, My Fair Lady, mwaka 1956, "bloody" lilikuwa limeshapoa. Ilibidi Eliza apewe neno jingine, zito zaidi.

Mwendo huo unaendelea. Katika mji wa York, Uingereza, wanaisimu Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao wa mazungumzo ya wenyeji, wakakuta wazee wameshikamana na "very" na vijana wamehamia "really". Miaka miwili baadaye Tagliamonte na Chris Roberts waliichambua tamthilia ya televisheni ya Marekani, Friends, wakaona "so" ndilo linaloongoza.

Historia hii inajulikana kwa undani kwa sababu iliandikwa. Chama cha wanafilolojia cha London kilianzisha mwaka 1857 mradi uliozaa kamusi ya Oxford, iliyokamilika 1928, na wasomaji wa kujitolea walituma vipande vya karatasi vyenye mifano na tarehe zake. Ndiyo maana "literally", yaani "kwa maana halisi", linalolalamikiwa leo kana kwamba vijana wamelibuni jana, laweza kuonyeshwa likikoleza tu katika riwaya ya Frances Brooke ya 1769.

Kwa Kiswahili hali ni tofauti: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inatoa maana bila tarehe. Hakuna anayeweza kuifungua akajua "mno" na "kabisa" yamesafiri vipi, wala "kinoma" na "kichizi" yalianza lini kusikika mitaani. Magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza 1923, na Baraza, lililoanza 1939, yamejaa ushahidi, na wazee waliokuwa vijana enzi za uhuru bado wapo. Vyuo vikuu, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wapenzi wa lugha waanze kuukusanya, neno kwa neno, kila moja na mwaka wake.