Redio mpya kwenye gari la zamani: mambo 7 ya kujua kabla fundi hajakata waya

Magari mengi ya zamani yanayozunguka Kilindoni, Utende na hadi Bweni yalitoka Japani, na redio zake zimeshachoka. Ukinunua mpya yenye Bluetooth na USB, kuifunga si kazi ngumu. Ila waya mmoja ukikosewa, unaweza kuamka betri imekufa, au gari likapiga shoti na kuungua.

Zingatia haya:

1. Kwa nini redio ya Kijapani haikamati stesheni?
Redio za FM za zamani za Japani huanza 76 na kuishia 90 MHz. Tanzania tunatumia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana unapata stesheni chache tu. Redio mpya ikiwa na masafa ya hadi 108, tatizo limekwisha. Uliza kabla ya kulipa.

2. Pima volti
Redio nyingi za gari ni za volti 12. Fuso, Canter na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani hutumia volti 24. Kuona betri mbili hakutoshi, maana zinaweza kuwa zimeungwa zikatoa 12 tu. Tumia mita. Kama ni 24, unahitaji kifaa cha kushusha umeme hadi 12, la sivyo redio inaungua palepale.

3. Pima tundu la dashibodi
Redio ndogo ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Kubwa ina kimo cha 100. Toyota nyingi zina tundu la upana wa 200, hivyo utahitaji fremu ya kuziba pembeni.

4. Toa waya hasi wa betri kwanza
Hii ndiyo kinga ya shoti wakati wa kazi. Usiruke hatua hii hata kama fundi ana haraka.

5. Jua rangi za waya za redio mpya
• Njano: umeme wa betri muda wote, hutunza saa na stesheni
• Nyekundu: umeme unaokuja ukiwasha swichi
• Nyeusi: hasi, kwenye bodi
• Nyeupe na kijivu: spika za mbele, kushoto na kulia
• Kijani na zambarau: spika za nyuma, kushoto na kulia
Wenye mstari mweusi ni hasi wa spika hiyo.

Rangi hizi ni za redio. Waya za gari zina rangi zake, kwa hiyo zipime kwa mita. Nyekundu na njano zikiungwa pamoja kwenye betri, redio haitazimika na funguo, na betri itaisha usiku.

6. Spika zisiguse bodi
Baadhi ya magari ya zamani yaliunganisha hasi za spika kwenye bodi. Redio za sasa hazikubali hivyo, zinaungua. Kila spika ipewe waya zake mbili.

7. Fyuzi na chumvi
Waya wa njano ukitoka moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri, yenye ukubwa ulioandikwa kwenye redio. Kamwe usiweke kipande cha waya badala yake. Upepo wa bahari hula shaba na bati haraka, kwa hiyo kwangua kutu pale waya mweusi unapofungwa, kaza bolti, kisha paka grisi. Viungo vya waya vichomewe risasi na kufungwa tepu, si kusokotwa tu.

Kabla ya kurudisha dashibodi, rudisha waya wa betri na ujaribu kila spika. Zima swichi: redio ikibaki inawaka, mwambie fundi afungue tena hapo hapo. Ukigundua uko Bweni na gari haliwaki, utatafuta wa kukusukuma.