Miwa ya Mumias Machoni pa Setilaiti

Kamera iliyo angani huona mengi kuliko inavyoweza kutuma ardhini. Kwa hiyo tangu mwanzo wahandisi wa setilaiti wamelazimika kuamua kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe kabla ya kompyuta kuisoma picha. Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, uamuzi huo una uzito wa pekee. Shamba kubwa la kiwanda cha sukari limepakana huko na vishamba vya maelfu ya wakulima, na kilichopotea katika kupunguza data kilikuwa, mara nyingi, kile kishamba.

Kiwanda na setilaiti vilizaliwa karibu wakati mmoja. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, serikali ya Kenya ikishirikiana na Booker McConnell ya Uingereza, na miwa ikaanza kusagwa mwaka 1973. Katikati ya matukio hayo, Julai 23, 1972, Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Kihisio chake kiliugawa mwanga katika mikanda minne na kuandika kila kipimo kwa biti 6, yaani viwango 64 tu vya mng'ao. Kila nukta ya picha, au pikseli, ilibeba eneo la takriban mita 79 kwa 79, ambalo ni kama hekta 0.6. Shamba kuu la kiwanda, lenye zaidi ya hekta 3,000, lilienea katika maelfu ya nukta. Shamba la nusu hekta halikujaza hata nukta moja: miwa, mahindi, migomba na paa la nyumba vilisagwa pamoja vikawa namba moja.

Upunguzaji uliofuata haukugusa ukubwa wa nukta bali ulipunguza idadi ya namba. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho la binadamu halioni. Mapema miaka ya 1970, J. W. Rouse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitoa mwanga mwekundu katika ule wa infraredi kisha wakagawanya tofauti hiyo kwa jumla ya yote miwili. Hivyo mikanda miwili ikageuka namba moja kati ya -1 na 1, kielezo cha uoto kinachojulikana kama NDVI. Hesabu hiyo nyepesi iliifaa kompyuta ya zama zile. Hata hivyo kielezo hicho husema tu kwamba pana kijani. Hakisemi kama kijani hicho ni muwa au ni nyasi.

Upunguzaji mkali kuliko wote ulifanyika ndani ya setilaiti zenyewe. Kihisio cha AVHRR, kilichobebwa na setilaiti za hali ya hewa za Marekani, kiliona nukta za kilomita 1.1, lakini kinasio cha tepu kilichokuwamo hakikuweza kubeba picha za dunia nzima. Ikabidi nukta nne katika kila tano zifanyiwe wastani, ya tano irukwe, na katika kila mistari mitatu miwili iachwe kabisa. Nukta 15 ziliwakilishwa na moja, na kati ya hizo 11 hazikuchangia chochote. Nukta iliyobaki ilihesabiwa kuwa ya kilomita 4, yaani hekta 1,600. Kwa kipimo hicho shamba kuu lote la Mumias ni kama nukta mbili.

Ukali huo ulizaa matunda makubwa. Mwaka 1985 Compton Tucker na wenzake walichapisha katika jarida la Science ramani ya uoto wa Afrika yote iliyotokana na data hizo. Kwa anayefuatilia ukame katika bara zima, kilomita 4 zilitosha. Kwa mkulima wa miwa hazikuwa na faida yoyote.

Kisha kuna mawingu. Magharibi mwa Kenya, unyevu wa Ziwa Victoria hujenga mawingu kadiri siku inavyosonga, na setilaiti ya NOAA-7, mojawapo ya zile zilizobeba AVHRR, ilikuwa ikipita alasiri. Suluhisho lilielezwa na Brent Holben mwaka 1986: kwa kuwa wingu hushusha kielezo, picha za siku kadhaa zipangwe pamoja na kila nukta ichukue thamani yake ya juu kabisa. Picha nyingi zikawa moja safi.

Kihisio cha MODIS, kilichorushwa Desemba 1999 katika setilaiti ya Terra, kilirithi mbinu hiyo kwa vipindi vya siku 16 na nukta za mita 250. Ndizo data alizotumia mtafiti Mkenya Betty Mulianga na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu kutabiri mavuno ya miwa magharibi mwa Kenya. Kwa kuwa muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka, walijumlisha kielezo katika muda wa ukuaji badala ya kutegemea siku moja, kisha wakakikusanya kwa eneo zima. Ilikuwa njia ya busara, kwani nukta moja ya MODIS ni hekta 6.25 na hubeba mashamba ya majirani kadhaa kwa pamoja.

Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa Juni 2015, ilileta nukta za mita 10. Lakini mlima wa data ulikua nao, hata ikalazimu picha zibanwe ndani ya setilaiti kabla ya kutumwa. Septemba 2020 Ulaya ilirusha setilaiti ndogo ya majaribio, Phi-Sat-1, iliyobeba akili unde: ilichunguza picha zikiwa bado angani na kutupa zilizojaa mawingu. Kenya nayo ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, Aprili 15, 2023.

Picha kali za Sentinel-2 ziliifikia Mumias kiwanda kikiwa kimedhoofika; kampuni iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na mwaka 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group. Shamba la mita 50 kwa 100 sasa lina nukta 50 za Sentinel-2. Hata likilingana sawasawa na gridi ya nukta hizo, wachambuzi huziepuka za ukingoni, kwa kuwa huweza kuchukua mwanga wa mahindi ya jirani au wa njia. Zinazosalia ni 24, na zote ni za muwa.