Makaburi ya Vita Taveta na Tume Iliyokiri Ubaguzi Wake

Historia ya vyombo vya umma vinavyopambana na ubaguzi wa rangi kwa kawaida huandikwa kwa kufuata sheria na mahakama, kuanzia Bodi ya Mahusiano ya Rangi iliyoanzishwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1965 hadi Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, iliyozaliwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2008 na ambayo hulinda watu wasibaguliwe kwa rangi, dini, kabila au asili yao. Katika Kaunti ya Taita Taveta, hata hivyo, ipo historia nyingine ambayo haikupitia mahakamani, nayo ni ya chombo kilichoahidi usawa tangu kuundwa kwake, kikauvunja mbele ya wafu, kisha baada ya karne moja kikajichunguza chenyewe. Chombo hicho ni Tume ya Makaburi ya Vita, na sehemu ya ushahidi dhidi yake iko katika mji wa Taveta.

Taveta iliingia mapema katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu ya mahali ilipo, kwenye njia ipitayo kati ya Mlima Kilimanjaro na milima ya Upare, mpakani mwa makoloni ya Waingereza na Wajerumani. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914, na Waingereza, ili waukomboe, wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau na Mbuyuni kuelekea mpakani. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, kilicho mashariki ya Taveta, wakishindwa vibaya. Brigedi ya Afrika Kusini, iliyokuwa ya wazungu watupu na ambayo wengi wa askari wake waliwadharau askari Wahindi waliopigana pamoja nao, ilirudishwa nyuma kwa mkurupuko, na kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi ndicho kilichowazuia adui wasiimalize. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts aliutwaa mji, na baada ya mapigano makali kwenye vilima vya Latema na Reata njia ya kuingilia koloni la Wajerumani ikafunguka.

Jeshi hilo lilitegemea mabega ya watu. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa mizigo, reli na magari havikufika kila mahali, na kwa hiyo chakula, risasi na hata wagonjwa vilibebwa na wapagazi, yaani wachukuzi wa jeshi wasio na silaha, ambao wengi wao waliandikishwa kwa nguvu chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1915. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibaya. Pamoja nao walikufa pia askari Waafrika wa Keya, kikosi kilichoongozwa na maofisa wazungu.

Vita vikiwa bado vinaendelea, Mei 1917, serikali za Dola ya Uingereza ziliunda tume ya kuyatunza makaburi ya wafu wao, kwa juhudi za Fabian Ware. Mwaka uliofuata Frederic Kenyon, mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliiandalia tume hiyo mwongozo ambao kwa zama zake ulikuwa wa kipekee, kwani ulitaka kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu, na jenerali asipewe kaburi bora kuliko la askari wa kawaida. Usawa huo ulitekelezwa Ulaya kwa uaminifu mkubwa, na ndiyo sababu kushindwa kwake Afrika hakuwezi kutetewa kwa kusema kwamba fikra za usawa hazikuwa zimezaliwa. Zilikuwepo, zimeandikwa, na waliozivunja walikuwa wamezisoma.

Katika Afrika Mashariki maofisa wa tume na watawala wa makoloni waliafikiana, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwamba makaburi ya wenyeji yaachwe yamezwe na pori, wakidai kwamba jamii za wafu hao hazikuwa na ustaarabu wa kulithamini jiwe la kaburi. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu za shaba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, za kuwakumbuka wote kwa jumla. Gharama nayo ilitajwa, na ni kweli kwamba wapagazi wengi walizikwa njiani bila kumbukumbu yoyote. Lakini dharau ndiyo iliyoamua, kwa sababu hata pale majina yalipoweza kutafutwa hayakutafutwa kwa bidii. Hivyo ndivyo makaburi ya kijeshi ya Taveta yalivyopata safu zake za mawe yenye majina, mengi yakiwa ya askari wa Afrika Kusini na Uingereza, huku waliowabebea maji na risasi wakikosa hata alama.

Hali hiyo iliendelea bila kuhojiwa rasmi hadi mwaka 2019, wakati mbunge wa Uingereza David Lammy alipofika Voi katika filamu ya televisheni iliyoandaliwa kutokana na utafiti wa Michèle Barrett, akaonyesha makaburi ya wazungu yaliyotunzwa vizuri na pori la jirani lenye wafu Waafrika. Desemba mwaka huo tume, ambayo sasa huitwa ya Jumuiya ya Madola, iliteua kamati maalumu ya kuichunguza hali hiyo. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 ilieleza kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akafanya vivyo hivyo bungeni.

Ni nadra chombo cha umma kutaja ubaguzi wake kwa jina lake, na ukweli huo unastahili heshima. Kazi iliyofuata ni ya majina. Januari 2025 ilizinduliwa Cape Town kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliotumika katika vita hivyo bila silaha, na nchini Kenya kumbukumbu za zamani za jeshi zimetoa majina ya wafu zaidi ya 3,000, jambo linaloidhoofisha sana hoja ya kale kwamba hayakuwepo. Hata hivyo, tume bado huongozwa na serikali sita, za Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Kenya, ambayo ardhi yake imewahifadhi wafu hao na ambayo wajukuu wao ni raia wake, haimo miongoni mwa wanachama wanaoamua bajeti na utaratibu wa kuwakumbuka.