Kujinyenyekeza na Kujipendekeza

Chukua kitenzi nyenyekea, ukitie -ji- mbele na -za nyuma, upate kujinyenyekeza. Chukua na pendeka, ukifanyie vivyo hivyo: kujipendekeza. Kwa mwalimu wa sarufi hawa ni mapacha. Kwa muumini, mmoja ni sala na mwingine ni tusi.

Upacha huo niliugundua kanisani. Bwana mmoja alipiga magoti kwa kishindo hadi benchi tatu zikageuka, na bibi aliyeketi nyuma yangu akanong'ona, "Huyo anajipendekeza kwa padri, Mungu hamwoni hata kidogo."

Agano Jipya lina jina la mtu wa aina hiyo: mnafiki. Kwa Kiyunani aliitwa hupokrites, yaani mwigizaji wa jukwaani. Watafsiri wetu hawakwenda jukwaani. Walichukua neno ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo zamani, munafiq la Kiarabu, ambalo wingi wake ndio jina la sura ya 63 ya Kurani. Wanaleksikografia wa Kiarabu hulihusisha na shimo la panya wa jangwani: lina mlango wa kuonekana na mwingine wa siri, ukimvizia huku yeye katokea kule. Picha hii naipenda kuliko ya Kiyunani. Mwigizaji hamdanganyi mtu, maana kila aliyeketi pale anajua kuwa ni mchezo. Panya yule anakuacha ukilinda mlango mtupu.



Kwenye Yakobo sura ya 4, tafsiri ya Muungano ya 1952 iliwataka waumini wajidhili mbele za Bwana. Lilikuwa neno zito na la heshima. Leo ukoo wake umehamia vituo vya polisi na magazetini, kwenye udhalilishaji, na kijana anayelisoma anaweza kudhani Mungu anamtaka ajitukane. Mimi bado nalitetea. Kujidhili hakuna namna ya kupendeza, na kwa hiyo ni vigumu kujidhili kwa ajili ya watazamaji.

Waliohangaika zaidi na jambo hili ni watu wa uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, kisha ukaenea Kenya, Burundi na Tanganyika. Ugomvi wao ulikuwa na Wakristo wa jina: waliobatizwa, walioandikwa kwenye daftari la kanisa, na wasiobadilika kitu nyumbani. Wao walitubu hadharani, wakataja dhambi kwa majina, na walipata taabu kwa ajili hiyo. Mwaka 1941 William Nagenda na wenzake walifukuzwa kwenye chuo cha teolojia cha Mukono.

Sikiliza sasa vitenzi vyao: kuokoka, kuvunjika. Hakuna -ji-. Ni kauli ya kutendeka, ile ya kikombe kimevunjika, ambayo haimtaji mtendaji wala haimpi mtu nafasi ya kujisifu kwamba kajivunja mwenyewe kwa ustadi. Nadhani hapo ndipo sarufi yetu ilipowafaa kuliko mahubiri mengi.

Lakini maneno nayo huzeeka. Waganda waliwaita abalokole, waliookoka. Kiswahili kikapata mlokole. Haukupita muda mrefu mtaani likawa neno la kuchekea sketi ndefu na salamu za "Bwana asifiwe" zenye mwangwi. Kisha ikaja sentensi ambayo wale wa kwanza wangeisikitikia: "Anajifanya mlokole." Ile -ji- waliyoitoa kwa machozi imerudi kwa mlango wa pili wa panya.

Siku ile kanisani niligeuka kumtazama bibi. Wote tulikuwa tumepiga magoti. Yeye peke yake alikuwa amekaa, mkongojo mapajani. Akaniona namtazama, akainua mabega. "Haya magoti yangu, mwanangu," akasema, "hayakunjiki."